Mnara Uliosimama Juu ya Karatu

Mwanafunzi wa sekondari mjini Karatu atokapo darasani na kuelekeza uso wake kaskazini-magharibi huona mgongo mrefu wa msitu, ambao mara nyingi kichwa chake kimefunikwa na mawingu. Huuona asubuhi aendapo shuleni, na huuona jioni arudipo nyumbani. Mgongo huo ndio ubavu wa nje wa Ngorongoro. Watu hufunga safari kutoka Japani, Ujerumani na Marekani, wakapanda ndege mbili tatu na kushinda kutwa nzima garini, ili wasimame juu yake kwa dakika 20 na kutazama upande wa ndani. Mwanafunzi huyu, aliyezaliwa miguuni mwake, yumkini hajasimama pale hata mara moja. Na kama amepata kusimama, yumkini hakuulizwa swali lolote, wala hakupima kitu chochote, wala hakurudi na jambo ambalo hakulijua kabla ya kuondoka. Hili la pili ndilo linalonisukuma kuandika, kwa kuwa nalihesabu kuwa hasara kubwa kuliko lile la kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Mwaka 1996, nilipokuwa kidato cha tatu katika shule mojawapo ya huku, tulichangishana fedha muhula mzima ili twende "kuona kreta". Barabara ya lami ilikuwa haijafika. Tulipanda lori, tukaimba mpaka lango la Lodoare, kisha tukaingia msituni, na nyimbo zikakoma zenyewe kwa baridi. Tulipofika mahali pa kutazamia, ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba mtu aliyesimama hatua kumi mbele alikuwa kivuli tu. Tukangoja kama saa moja. Mwalimu wetu, mtu mwema aliyetupenda, akatazama saa yake, akasema: "Haya vijana, leo hakuna cha kuona. Pandeni gari." Tukapanda, nywele na sweta zimelowa, tukateremka Karatu. Bila shaka katika kumbukumbu za shule iliandikwa kwamba ziara ilifanyika.

Sikumlaumu wakati ule, na hata leo simlaumu. Lakini neno lile, kwamba hakuna cha kuona, nimelibeba miaka yote hii, na mbele nitalirudia.

Miaka 15 baadaye, mwaka 2011, nilikuwa Ujerumani nikisomea shahada ya uzamivu. Siku moja ya mapumziko wenzangu walinichukua kwenda kuupanda mnara wa televisheni wa Berlin, ulio karibu na uwanja wa Alexanderplatz. Mnara huo ulijengwa na iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki na kufunguliwa mwaka 1969. Urefu wake ni meta 368, na ukumbi wa kutazamia uko meta 203 kutoka ardhini. Lifti hupanda kwa sekunde 40 hivi. Masikio yaliziba, yakazibuka, mlango ukafunguka. Nikafanya kama wafanyavyo wageni wote: nikazunguka dirisha kwa dirisha, nikasema "lo!", nikapiga picha.

Pembeni yangu walikuwapo watoto wa shule wa umri wa miaka 12 au 13 pamoja na mwalimu wao, na kila mtoto alikuwa na karatasi ya maswali mkononi. Walikuwa wamehesabu sekunde za lifti ili wapate mwendo wake: 203 gawanya kwa 40, wapata meta 5 na kidogo kwa sekunde. Walikuwa wamesoma kanieneo ya hewa chini mlangoni, na sasa waliisoma tena wakaona imepungua. Kisha mwalimu akawauliza upeo wa macho uko mbali kiasi gani. Kanuni yake ni nyepesi: chukua kipeuo cha pili cha kimo ulichosimama, kwa meta, ukizidishe kwa 3.57, nawe utapata umbali kwa kilometa. Kipeuo cha pili cha 203 ni 14 na robo, na jibu ni kilometa 51 hivi. Mtoto mmoja alinigeukia mimi, mtu mzima aliyekuwa karibu, akaniuliza kwa adabu kama naona jibu lake ni sahihi. Nami, mwenye shahada mbili za fizikia, niliyekwisha kuithibitisha kanuni ile ubaoni kwa kutumia pembetatu ya Pythagoras, nilitambua pale pale kwamba maishani mwangu sikuwa nimeitumia hata siku moja nikiwa mahali pa juu. Na mimi nilikulia chini ya mahali palipo juu kupita mnara ule.

Asije mtu akadhani nasema kwamba Wazungu wana macho na sisi hatuna. Katika mji huo huo, ndani ya Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, imesimamishwa mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Kimo chake chapita meta 13. Nimesimama mbele ya mifupa ile na kuona Wajerumani wazima, wenye elimu zao, wakipiga picha na kwenda zao bila hata kusoma imetoka nchi gani. Karatasi ya maswali ndiyo iliyowatofautisha watoto wa mnarani na watu hawa.

Tuulinganishe basi mnara wa Berlin na ukingo wetu. Mji wa Karatu uko meta 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mahali pa kutazamia pako meta 2,300 hivi. Kutoka hapo mpaka sakafu ya bonde lililo ndani ni meta 600 hivi kwenda chini. Chukua mnara wa Berlin mzima mzima, uusimike juu ya sakafu hiyo: ncha ya mlingoti wake itabaki zaidi ya meta 200 chini ya miguu yako. Chukua Jumba la Mikutano la Kenyatta la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1973, ambalo wageni hupanda mpaka paani ili wauone mji. Kimo chake ni meta 105, na ungeweza kuyabebanisha majumba matano ya namna hiyo na bado yasifike ukingoni. Hata mnara wa CN wa Toronto, wenye meta 553, uliokuwa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka 30 na zaidi, ungezama ndani usionekane kutoka upande wa Karatu. Mnara wetu basi upo, na hakuna aliyelipa saruji wala nondo. Ila umejengwa kinyume, kwa maana kinachomvuta mtazamaji kiko chini na ndani, wala si mbali.

Na hapo ndipo mwalimu makini awezapo kuwatega wanafunzi wake. Awaambie wakokotoe umbali wa upeo wa macho kutoka ukingoni kwa kanuni ile ya 3.57. Wale watakaotumia kimo cha meta 2,300 watamletea kilometa 171. Wale watakaotumia meta 600 watamletea kilometa 87. Kisha awaambie wainue nyuso watazame. Mbele yao, kwa umbali wa kilometa 16 mpaka 19 kutegemea walikosimama, ukingo wa pili umesimama kama ukuta wala hauwaruhusu kuona kitu nyuma yake. Majibu yote mawili yamekokotolewa sawasawa, na yote mawili hayafai mahali hapa. Mwanafunzi akilipata somo hilo mara moja akiwa amesimama juu ya ardhi yenyewe, hatalisahau, nalo ni somo ambalo hata watafiti wenye majina hulisahau: kanuni huja na masharti yake.

Mwaka jana nilipata bahati ya kufuatana na wanafunzi 32 wa kidato cha tatu wa shule moja ya wilayani, pamoja na walimu wao wawili. Vifaa vyetu havikuwa vya kujivunia: vipimapembe vya kawaida vya mkebe wa hesabu, kila kimoja kimefungwa uzi wenye kokoto, na juu yake bomba la kalamu ya biki iliyokwisha wino, ili mtu achungulie. Tulikuwa na ramani moja, kipimajoto kimoja cha maabara, na simu yangu ambayo ina kifaa cha kupima kanieneo ya hewa.

Asubuhi, kabla ya kuondoka shuleni, tulichemsha maji jikoni. Yalitokota kwenye nyuzi 95 za sentigredi hivi, na simu ilionyesha kanieneo ya karibu hektopaskali 850. Juu ukingoni simu ilionyesha karibu 770, na maji tuliyochemsha katika jiko la kambi moja ya wageni, kwa ruhusa ya wahusika, yalitokota kabla hayajafika nyuzi 93. Vijana walishangaa sana, kwa kuwa vitabu vyao vyote vimewaambia kwamba maji hutokota kwenye nyuzi 100, na wao wameliandika hilo katika mitihani tangu shule ya msingi, wakapewa alama. Maji ya nyuzi 100 ni ya Tanga na Dar es Salaam. Karatu hayajapata kuwapo, labda ndani ya sufuria la kanieneo. Mama mpishi wa kambi alipowasikia wakibishana alicheka, akawaambia: "Wanangu, hilo mngeniuliza mimi. Maharage ya huku juu yana kiburi." Binti mmoja akaandika maneno hayo katika daftari lake chini ya kichwa "Ushahidi", na mimi nikamwambia aliandika vema.

Kisha tukapima kina cha bonde. Wanafunzi walichagua alama moja chini, ambayo kwa ramani ilikuwa umbali wa kilometa 6, wakapima pembe ya kuinamisha macho kutoka mlalo mpaka alama ile. Kundi la kwanza lilipata nyuzi 5, la pili 6, la tatu 7, la nne 5 na nusu. Kwa tanjenti za pembe hizo, kina ni meta 525, 631, 737 na 578. Zogo likazuka, kila kundi likawatuhumu wenzake kwa uzembe. Mwalimu mmoja akaninong'oneza kwamba jibu la kitabuni ni 600, na kwamba tungewaambia tu ili tuokoe muda. Nilimwomba tungoje. Mvulana mmoja aliyekuwa kimya ndiye aliyesema kwamba uzi wake hutikiswa na upepo, na kwamba hawezi kuapa kama alisoma 5 au 6. Hapo tukakokotoa wote pamoja: kwa umbali wa kilometa 6, kosa la nyuzi moja huleta kosa la meta 105 hivi katika kina. Wastani wa makundi manne ulikuwa meta 618. Vijana walikwenda na kipimapembe cha shilingi chache wakaukaribia ukweli kiasi kile, na zaidi ya hayo walijua ni kwa kiasi gani hawakuufikia. Sidhani kama nimepata kufundisha mada ya makosa katika vipimo vizuri zaidi ya siku ile, na kusema kweli sikuifundisha mimi.

Mmoja wao aliona kundi la wanyama chini, akasema ni punda milia. Mwenziwe akamuuliza kajuaje. Swali hili ni zuri kuliko lilivyosikika. Jicho la mtu mwenye afya laweza kutenganisha vitu viwili ikiwa pembe kati yao ni dakika moja, yaani sehemu ya 60 ya nyuzi moja. Hiyo ni sawa na kitu cha meta 1 kilicho umbali wa kilometa 3.4. Nyati mwenye urefu wa meta 2 na zaidi akiwa kilometa 6 huwa nukta, tena kwa taabu. Mistari ya punda milia, yenye upana wa sentimeta 5 hivi, kwa hesabu hiyo hupotea machoni mnyama akiwa hata hajafika meta 200. Kwa hiyo yule kijana hakuona milia hata moja. Aliona nukta za kijivu, na milia ilitoka kichwani mwake. Hili si la kumcheka, sote tuko hivyo. Karibu na hapo ukingoni pana kaburi la Michael Grzimek, aliyekufa kwa ajali ya ndege Januari 1959 wakati yeye na baba yake, Bernhard, walipokuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Walihesabu kwa macho. Waliowafuatia waliona afadhali kupiga picha kutoka kwenye ndege na kuhesabu baadaye mezani, kwa sababu jicho huchoka, na likichoka hujaza lisichokiona.

Kuna jambo jingine ambalo mahali pa juu hupaficha, nalo nisingelifikiri kama wanafunzi wasingelisema. Tulipokuwa tukilisifu bonde lile, kwamba lina eneo la kilometa za mraba 260 hivi na halina hata nyumba moja, mwanafunzi mmoja, mtoto wa wafugaji wa Kimaasai, alisema kwa sauti ya chini: "Bibi yangu alizaliwa kule chini." Pakawa kimya. Ni kweli. Wafugaji waliishi na mifugo yao katika sakafu ile mpaka walipohamishwa mwaka 1974, na kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kulikuwapo hata mashamba ya walowezi wa Kijerumani mle ndani. Mgeni atazamaye kutoka juu huona bonde tupu, akadhani lilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Mabishano kuhusu nani aishi wapi katika Ngorongoro hayajaisha, na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Sikuandika makala hii ili niyaamue. Lakini nasema kwamba mtazamaji wa kisayansi hana haki ya kukiita kitu "cha asili" kabla hajauliza nani alikuwapo.

Tukakaa chini kula, na swali la mlima likaja. Ngorongoro, kama vitabu vya jiografia vinavyoeleza, si shimo lililochimbwa na mlipuko tu. Ni kaldera: mlima wa volkano ulikuwapo, ukamwaga vitu vyake vya ndani, tumbo lake likabaki tupu, na kilele kikabomokea humo, miaka milioni 2 na zaidi iliyopita. Wanajiolojia hukadiria kwamba mlima ule ulikuwa na kimo cha kati ya meta 4,500 na 5,800. Vijana wote walikuwa wamekariri kwamba ulikuwa "sawa na Kilimanjaro". Niliwauliza: mtu anaupimaje mlima ambao haupo?

Walihangaika kwa muda. Mwishowe tulichora mchangani. Kingo mbili, kilometa 18 kati yao. Tuseme miteremko ya nje ingeendelea kupanda kwa nyuzi 15 mpaka ikakutana katikati, kilometa 9 kutoka kila ukingo. Zidisha 9 kwa tanjenti ya 15, wapata kilometa 2.4. Jumlisha na meta 2,300 za ukingo, wapata meta 4,700. Ukitumia nyuzi 20, wapata karibu 5,600. Hesabu yetu ya mchangani ikaangukia katikati ya makadirio ya wataalamu, na vijana wakashangilia kama waliofunga goli. Niliwaharibia furaha yao kidogo. Nani aliyetuambia kwamba mteremko uliendelea na pembe ile ile? Nani aliyetuambia kwamba kilele kilikuwa kimoja? Meta 900 za tofauti zimetoka katika nyuzi 5 tulizozichagua wenyewe. Basi "sawa na Kilimanjaro" ni kauli ya kuandikwa kwa penseli. Mwanafunzi aliyeikariri hana la kufanya nayo zaidi ya kuijibia mtihani. Aliyeikokotoa anajua pa kuitilia shaka.

Sasa nirudi kwenye ukungu wa mwaka 1996.

Upepo wa kusini-mashariki hutoka Bahari ya Hindi ukiwa na unyevu. Ufikapo kwenye ubavu wa nyanda hizi za juu hauna budi kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, hewa inayotanuka hupoa, na ikipoa vya kutosha mvuke wake hugeuka matone madogo. Matone hayo, ukiyatazama kutoka Karatu, huitwa wingu. Ukisimama ndani yake huitwa ukungu. Miti ya msitu ule, pamoja na zile ndevu za kijivu zinazoning'inia matawini, huyachana matone hayo kama kitana, yakadondoka ardhini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Maji huzama katika majivu ya kale ya volkano, na hutoka tena chini kama vijito na chemchemi. Mji wa Karatu hunywa maji ya mlima huu. Mashamba ya kahawa ya Oldeani yako kwenye miteremko yake, na vitunguu vya Mang'ola, vinavyouzwa mpaka nje ya nchi, humwagiliwa kwa chemchemi zinazotegemea nyanda hizi. Nenda upande wa pili, magharibi, kuelekea Oldupai, utakuta nchi kavu yenye vumbi, kwa kuwa hewa ifikapo huko imekwisha kuyaacha maji yake huku kwetu.

Kwa hiyo siku ile tulisimama ndani ya chanzo cha maji tunayoyanywa, yametulowesha nywele na sweta, yakidondoka kwenye kofia ya mwalimu, na tukaambiwa hakuna cha kuona. Kreta ingekuwapo kesho yake. Kilichokuwa mbele yetu saa ile ndicho kilichotuhusu zaidi, nasi tukakipa kisogo kwa sababu hakikuwa kwenye picha za vitabu.

Nitaambiwa kwamba fedha hazipo. Kwa shule nyingi ni kweli, na sina jawabu la kuwadanganya nalo walimu wenzangu. Lakini ziara nyingi zinafanyika. Wazazi huchanga, mabasi hukodiwa, ada za lango hulipwa, na wanafunzi hurudi na picha. Karatasi ya maswali inayokosekana ndiyo rahisi kuliko vyote. Nitaambiwa pia kwamba mtaala ni mrefu na madarasa yamejaa. Nalo ni kweli. Hata hivyo kanieneo, tanjenti, mvuke, miamba na makosa ya vipimo vyote vimo katika mtaala huo huo, vimetawanyika katika vyumba vya masomo mbalimbali, na ukingoni mwa Ngorongoro hukutana asubuhi moja. Tangu mwaka 2018 eneo hili, pamoja na Karatu, limeandikishwa na UNESCO kama Jiopaki ya Ngorongoro-Lengai. Dunia imekwisha kukiri kwamba hapa ni darasa. Itakuwa ajabu wenye darasa wawe wa mwisho kuingia.

Ikiwa lawama ipo, kubwa ni yetu sisi wa vyuo vikuu. Sisi ndio tunaowafunza walimu. Nimefundisha walimu watarajiwa wa fizikia kwa zaidi ya miaka kumi, na kabla ya mwaka jana sikuwa nimewatoa nje ya ukumbi wa mihadhara hata siku moja kwa jambo lisilokuwa ndani ya maabara. Nimewapa mitihani inayotaka fasili ya kanieneo, nao wamekwenda mashuleni kuwapa watoto mitihani inayotaka fasili ya kanieneo. Yule mwalimu aliyetuambia tupande gari alikuwa amefundishwa na mtu kama mimi.

Ndugu mwalimu uliye mbali na Ngorongoro, usiseme makala hii haikuhusu. Tafuta mahali pa juu karibu nawe: mwamba, kilima, tangi la maji la shule, ghorofa ya ofisi ya wilaya. Kipimapembe, uzi na kokoto unavyo. Na kabla ya kwenda, waombe wanafunzi waandike wanachotarajia kuona, ili mkirudi mlinganishe.

Sisi na ile shule ya Karatu tumepanga kurudi mwezi wa Julai. Mwezi huo mvua hakuna, lakini ukungu wa asubuhi ukingoni ni mzito. Safari hii hatuombei mbingu iwe wazi. Wanafunzi wamekusanya vyandarua vichakavu vitatu, na fundi seremala wa shule amewatengenezea fremu za mbao za meta moja kwa meta moja, kila moja na mfereji wa bati chini yake na chupa ya lita moja. Tutazitega usiku mmoja katika kambi ile ile, kwa ruhusa, na asubuhi tutapima mililita. Kijana mmoja ametabiri kwamba chupa zitajaa. Mwingine amesema hazitapata hata kijiko. Yule binti wa maharage ameandika utabiri wa kila mmoja katika daftari lake, na amekataa kumwonyesha mtu yeyote wa kwake.